Kanzu ya Yusuf na maabara ya leo

Katika darsa la baada ya Maghribi, tulipokuwa tukiipitia Sura Yusuf, kijana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akamuuliza sheikh swali ambalo halikuwa la tafsiri. Alisema: "Sheikh, lau wakati ule wangekuwapo wapelelezi wa sasa, wangeweza kujua kwamba damu iliyokuwa kwenye ile kanzu haikuwa ya Nabii Yusuf?" Sheikh akatabasamu, akasema hilo ni la watu wa maabara, akaninyooshea mimi kidole. Nilimjibu kwa mkato, kwani adhana ya Isha ilikuwa imekaribia: ndiyo, mwanangu, ingejulikana mara moja. Nilipofika nyumbani nikaona jibu lile lilikuwa jepesi kupita kiasi. Leo namjibu kwa kirefu, na pengine wazazi wake nao watafaidika.

Tunakifahamu kisa. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walimtumbukiza kisimani, wakarudi kwa baba yao usiku wakilia, wakasema mbwa mwitu amemla, na wakaleta kanzu yake ikiwa na damu ya uongo. Wafasiri wanaeleza kwamba walichinja mwana-kondoo au mwana-mbuzi, wakaipaka kanzu damu yake, lakini wakasahau kuichana. Nabii Yaaqub (a.s.) aliitazama, akastaajabu mbwa mwitu anayeweza kumla mtoto na kuiacha kanzu yake nzima. Hakuwa na maabara. Alichofanya ni kutazama kielelezo chenyewe badala ya machozi ya waliokileta, na hiyo mpaka leo ndiyo nusu ya kazi ya mchunguzi wa eneo la tukio.

Nusu ya pili ni maswali matatu ambayo ni lazima yaulizwe kwa utaratibu wake, wala moja lisirukwe. Je, hiki ni damu? Kama ni damu, ni ya binadamu? Kama ni ya binadamu, ni ya nani? Watu wengi, na nasikitika kusema hata baadhi ya wanaosimama mahakamani, hulipata jibu la swali la kwanza wakadhani wamejibiwa yote matatu.

Tuanze na la kwanza. Doa jekundu ukutani laweza kuwa rangi, kutu, mate ya tambuu, au mchuzi. Doa la damu lililokaa siku nyingi hata jekundu si tena. Huwa la kahawia, na kwenye nguo nyeusi halionekani kabisa. Mchunguzi huchukua kipande cha pamba safi au karatasi ya kichujio, akagusa ukingo wa doa, kisha akadondoshea dawa ya fenolfthalini iliyoondolewa rangi yake, na baada yake tone la haidrojeni peroksaidi. Ikiwa mna damu, pamba hugeuka ya waridi ndani ya sekunde chache. Sababu ni kwamba himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba hewa ndani ya damu, huchochea peroksaidi iachie oksijeni, na oksijeni hiyo huirudishia dawa rangi yake. Kipimo hiki kimekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kinatambua hata damu iliyozimuliwa mno kwa maji.

Ila kinachotambuliwa hapo si damu yenyewe. Ni tabia ya damu ya kuchochea mmenyuko ule. Na wako wengine wenye tabia kama hiyo. Shaba hufanya hivyo, na baadhi ya mimea pia, viazi vikiwamo. Kwa sababu hiyo mchunguzi mwangalifu hutia dawa ya kwanza, akangoja, na iwapo rangi itatokea kabla hajatia peroksaidi, hujua kwamba amekutana na kitu kingine. Kipimo hiki huitwa cha awali. Kinaruhusu kusema "huenda", hakiruhusu kusema "ndiyo". Tena, hata kingekuwa na hakika, chukulia kanzu ya mchinjaji jioni ya Idi el-Haj: itageuka ya waridi papo hapo, na aliyeivaa hana kosa lolote.

Fikra hii ya kulijaribu doa ili kulitambua si ngeni katika turathi zetu. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 1350), katika kitabu chake *at-Turuq al-Hukmiyya*, anasimulia juu ya mwanamke aliyemtamani kijana wa Kiansari, naye kijana akamkataa. Mwanamke yule akajimwagia ute wa yai kwenye nguo na mwilini, akaenda kwa Khalifa Umar (r.a.) akilalamika kwamba kijana amemvunjia heshima yake, na alama ndizo zile. Kijana akaomba uchunguzi ufanywe kabla ya hukumu. Umar akamgeukia Ali (r.a.), naye akaagiza maji yanayochemka, akaimwagia ile nguo. Ute ukaganda ukawa mweupe, kama yai linavyoganda chunguni, na uongo ukadhihirika. Nimewahi kukitaja kisa hiki kwa mkemia mmoja rafiki yangu, akasema kwa ufundi wake kilichofanyika pale ni kipimo halisi: protini ya yai huganda kwa joto, na Sayyidna Ali aliitumia sifa hiyo kupambanua. Ibn al-Qayyim alikisimulia ili kuonesha kuwa kadhi hapaswi kuzifumbia macho dalili, yaani qarina, kwa hoja tu kwamba hazisemi kwa ulimi.

Ajabu ni kwamba swali la pili, la damu ya binadamu na ya mnyama, nalo lilipatiwa ufumbuzi kwa kuanzia kwenye yai. Mjerumani Paul Uhlenhuth, katika Chuo Kikuu cha Greifswald, alimdunga sungura protini ya yai la kuku. Mwili wa sungura ukajitengenezea kingamwili za kupambana na kitu hicho kigeni. Alipochukua majimaji ya damu ya sungura yule akayachanganya na ute wa yai, mchanganyiko ukachafuka na kutuama vumbi jeupe. Kwa protini za asili nyingine haukuchafuka. Akaona kwamba sungura akidungwa damu ya binadamu, majimaji yake yatatambua damu ya binadamu. Alitangaza matokeo yake mwezi Februari mwaka 1901.

Miezi michache baadaye, katika kisiwa cha Rügen kaskazini ya Ujerumani, watoto wawili, ndugu, waliuawa msituni. Alikamatwa seremala aitwaye Ludwig Tessnow, ambaye nguo zake zilikuwa na madoa. Alisema ni dawa ya kupakia mbao, jibu ambalo kwa seremala linaingia akilini. Alikwisha kulitoa jibu hilohilo miaka mitatu kabla, watoto wawili wa kike walipouawa karibu na Osnabrück, na akaachiwa. Safari hii nguo zilipelekwa kwa Uhlenhuth. Alipata madoa ya dawa ya mbao kweli, lakini akapata pia madoa ya damu ya binadamu, na mengine ya damu ya kondoo. Hayo ya kondoo yaliwakumbusha watu kwamba wiki chache kabla ya mauaji, kondoo kadhaa walikutwa malishoni wamekatwakatwa, na mchungaji alimtambua Tessnow kuwa ndiye aliyemwona akikimbia. Seremala akatiwa hatiani.

Kwa hiyo, mwanangu wa darsa, jibu la swali lako ni hilo. Damu ya mwana-kondoo kwenye kanzu ya Yusuf ingetambuliwa na Uhlenhuth kwa njia zilezile alizozitumia kwa Tessnow. Leo kazi hiyo hufanywa na kijikaratasi ndani ya kifuko cha plastiki, cha namna moja na kile cha kupimia mimba kinachouzwa maduka ya dawa: mstari mmoja, hakuna himoglobini ya binadamu, mistari miwili, ipo.

La tatu, ya nani, lilianza kujibiwa nusu tu. Mwaka huohuo wa 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza makundi ya damu, na mwaka 1915 Leone Lattes wa Turin akaonesha namna ya kuyatambua hata kwenye doa lililokauka. Lakini kundi la damu laweza kumwondoa mtu katika orodha; haliwezi kumthibitisha, kwani mamilioni wanalishiriki. Ilipofika mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, akagundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Inafaa kukumbukwa kwamba katika kesi ya kwanza ya mauaji ambayo njia hiyo ilitumika, jambo la mwanzo iliyofanya ni kumwokoa kijana aliyekuwa amekwisha kukiri. Vinasaba vilionesha si yeye. Baadaye ndipo mhalifu wa kweli, Colin Pitchfork, alipopatikana, akahukumiwa mwaka 1988.

Neno vinasaba wataalamu wetu wamelitoa katika nasaba, na ni neno zuri, ingawa limewafanya baadhi ya watu waone kama maabara ndiyo inayotoa nasaba ya kisheria. Hilo ni la makadhi, na tuliachie wiki nyingine. Linalotuhusu hapa ni kwamba chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo nyingi mno, hazina kiini, na hivyo hazina vinasaba hivyo vinavyotafutwa. Hupatikana katika chembe nyeupe, ambazo ni chache. Hapa Tanzania kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009.

Watoto wetu wanaotazama filamu wataniuliza kuhusu ile dawa inayong'aa gizani. Ni luminoli. Mjerumani Walter Specht aliipendekeza kwa kazi hii mwaka 1937. Hupulizwa pale panapodhaniwa kuwa damu ilikuwapo ikasafishwa, taa zikiwa zimezimwa, na penye mabaki hutoa mwanga wa buluu kwa muda mfupi, nusu dakika hivi, ambapo mpiga picha awe tayari na kamera yake imesimikwa. Kweli inaweza kuonesha damu iliyofutwa sakafuni. Ila nayo ni ya awali tu, na hung'aa vilevile ikikutana na shaba au na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo wengi tunaiita jiki. Sakafu iliyopigwa deki kwa jiki asubuhi itang'aa chumba kizima, na filamu hazitwambii hilo.

Hazitwambii pia kwamba usomaji wa michirizi ya damu ukutani si hesabu safi kama zinavyoonesha. Msingi wake upo: tone likidondoka wima kwenye sakafu laini huacha doa la duara, likija kwa mshazari huacha doa refu, na upana wake ukiwa nusu ya urefu, tone lilikuja kwa pembe ya nyuzi 30. Lakini kutoka hapo hadi kusimulia nani alisimama wapi na alipiga mara ngapi ni mbali. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyosema bayana kwamba shaka zilizomo katika usomaji huo ni kubwa mno, na kwamba maoni ya wachambuzi wake kwa jumla yanategemea zaidi mtazamo wa mtu kuliko sayansi.

Sasa nije kwenye ukusanyaji, na hapa nawaomba wazazi wasome polepole, kwa sababu hapa ndipo sisi wenyewe tunapoharibu.

Mchunguzi akifika eneo la tukio haanzi kwa kushika. Huanza kwa kupiga picha, doa likiwa pamoja na rula pembeni yake ili ukubwa ujulikane, akachora ramani, akaandika. Kisha huvaa glovu na barakoa, kwa kuwa chafya yake mwenyewe ina vinasaba vyake, na hubadili glovu kila anapotoka kwenye kielelezo kimoja kwenda kingine. Doa lililokaukia kwenye kitu kisichohamishika hulifuta kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyosafishwa. Huchukua na pamba ya pili, akaifuta mahali safi kando ya doa, ili ijulikane kama sakafu yenyewe ina kitu cha kupotosha vipimo. Pamba hii ya pili wachunguzi wazembe huiacha, na mwishoni mwa safu hii mtaona thamani yake. Kitu kinachobebeka hubebwa kizima. Nguo iliyolowa hutandazwa ikauke kivulini, si juani wala kwa pasi, kisha hufungwa kwa karatasi bila ya kukunja doa juu ya doa.

Kwa karatasi. Narudia kwa sababu kila mmoja wetu, akitaka kuhifadhi kitu vizuri, hukimbilia mfuko wa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani. Unyevu huzaa vijidudu na ukungu, navyo huvila vinasaba. Nguo iliyowekwa ndani ya nailoni kwa siku chache katika joto la pwani hufika maabara imeoza. Bahasha ya khaki au hata gazeti safi linapitisha hewa. Na kila kielelezo kiwe na bahasha yake, imeandikwa ni nini, kimetoka wapi, siku na saa gani, nani amekichukua na nani amekipokea. Mnyororo huo wa majina ukikatika pahala pamoja, wakili atauliza kielelezo kilikuwa mikononi mwa nani usiku ule, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Sisi Waislamu tuna sababu nyingine ya kuwa na haraka ya kusafisha. Damu inayomwagika ni najisi kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, na mama wa nyumbani akiiona sakafuni, mkono wake unakwenda kwenye ndoo kabla akili haijafikiri. Ni tabia njema iliyofundishwa vizuri. Lakini binti aliyeshambuliwa akirudi nyumbani, mama humwogesha, humfulia nguo, humvisha safi, kisha ndipo baba anaarifiwa. Na ikifika wakati wa kwenda kituoni kuchukua fomu ya PF3, hakuna tena kilichobaki isipokuwa maneno yake dhidi ya maneno ya mtu mwingine. Nimeliona hili katika familia ninayoijua, na sitalisema zaidi ya hapo. Mwenye jeraha atibiwe kwanza. Uhai hautangulizwi na kitu. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zake zisifuliwe. Aende nazo, au zibebwe kwenye karatasi. Chumba kifungwe, na anayetaka kuswali aswali chumba kingine. Najisi ya sakafu itaondoka kwa maji yaleyale kesho yake.

Nimeahidi kueleza kwa nini jibu langu la msikitini lilikuwa jepesi. Sababu ni mtoto mchanga wa wiki tisa, aitwaye Azaria.

Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, Michael na Lindy Chamberlain, Wakristo Wasabato, mume akiwa mchungaji wa kanisa lao, walikuwa wamepiga kambi na watoto wao karibu na jabali la Uluru katikati ya Australia. Mtoto mdogo alilazwa hemani. Mama akasikia kilio, akakimbilia hemani, na akapiga kelele kwamba dingo amemchukua mtoto wake. Dingo ni mbwa mwitu wa nchi ile. Mwanamke mwingine aliyekuwapo kambini alikuwa amekisikia kilio cha mtoto. Hemani mlikuwa na damu. Wiki moja baadaye nguo za mtoto zilipatikana kilomita kadhaa kutoka kambini, isipokuwa koti dogo la sufi ambalo mama alisema alikuwa amelivaa. Mtoto mwenyewe hakupatikana. Hakimu mchunguza vifo, mwezi Februari 1981, alikubali kwamba alichukuliwa na dingo.

Watu hawakukubali. Walisema mama hakulia vya kutosha mbele ya kamera. Walisema dhehebu lao ni la ajabu. Ukaenea uvumi kwamba jina Azaria maana yake ni sadaka ya jangwani, hali ni jina la Kiebrania lenye maana ya aliyesaidiwa na Mungu. Hakuna Mwislamu anayehitaji kuelezwa namna umma unavyoweza kuwaangalia watu wa imani ya wachache pale jambo la kutisha linapotokea.

Uchunguzi ukafunguliwa upya, na gari lao likapelekwa kupimwa. Mtaalamu wa maabara alipima kwa orthotolidini, kemikali ya jamii moja na ile ya waridi niliyoieleza, akapata majibu mahali pengi. Kisha akatumia majimaji yenye kingamwili, kwa msingi uleule wa Uhlenhuth, akasema amepata himoglobini ya kichanga. Watoto wachanga huzaliwa na himoglobini ya aina yao, inayopungua kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo kauli hiyo ilikuwa nzito: ndani ya gari mmemwagika damu ya mtoto mchanga. Chini ya dashibodi kulikuwa na mtawanyiko wa matone yaliyokauka, na mahakama ikaelezwa kuwa ndiyo damu iliyoruka. Wataalamu wengine wakasema nguo ya mtoto haikuchanwa kwa meno bali ilikatwa kwa mkasi. Tarehe 29 Oktoba 1982, mjini Darwin, mama alitiwa hatiani kwa kumuua mwanawe, akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Alikuwa mjamzito. Alijifungua binti mwezi uliofuata akiwa mfungwa, na mtoto akaondolewa mikononi mwake. Rufaa zake zilikataliwa, ya mwisho mwaka 1984 na Mahakama Kuu ya Australia, majaji watatu kwa wawili.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 mtalii mmoja alianguka kutoka kwenye jabali akafa. Waliokwenda kuutafuta mwili wake waliona kitu kimefukiwa nusu mchangani, mahali penye mapango ya dingo. Lilikuwa lile koti dogo. Siku chache baadaye Lindy Chamberlain aliachiwa, na Tume ya Kifalme ikaundwa kupitia ushahidi wote.

Tume hiyo iligundua nini? Yale matone chini ya dashibodi yalikuwa ni mabaki ya dawa nzito yenye lami inayopulizwa kiwandani kupunguza kelele za gari, na magari mengine ya aina ileile yalikuwa nayo. Familia ilikuwa ikiishi Mount Isa, mji wa migodi ya shaba, na vumbi la shaba huigeuza rangi orthotolidini kama damu inavyoigeuza. Majimaji ya kingamwili yaliyotumika hayakuwa na uhakika wa kutofautisha himoglobini ya kichanga na vitu vingine. Mabamba ambayo vipimo vilifanyiwa yalikuwa yamekwisha kutupwa, kwa desturi ya maabara, kwa hiyo hakuna mtaalamu wa upande wa utetezi aliyeweza kuyaona. Na ile damu kidogo ambayo huenda ilikuwamo garini ilikuwa na maelezo mengine: mwaka 1979 familia hiyo ilimbeba mtu aliyejeruhiwa ajalini, akivuja damu. Kuhusu nguo, haikuthibitika kwamba ni mkasi. Meno ya mbwa mwitu huweza kukata kitambaa vizuri kuliko wataalamu walivyodhani.

Hebu mtu avilinganishe visa hivi viwili. Wana wa Yaaqub walileta mbwa mwitu wa uongo na damu ya uongo, na baba akaikagua kanzu. Huyu mama alisema habari ya mbwa mwitu wa kweli, na watu wenye darubini na kemikali, ambao sidhani kama walikuwa na nia mbaya, wakaona damu pasipokuwa na damu. Walikuwa na jibu la swali la kwanza tu, tena jibu la "huenda", wakalipeleka mahakamani likiwa limevikwa joho la "ndiyo". Ndiyo maana wanazuoni wetu, katika mlango wa hudud, waliweka kanuni kwamba adhabu huzuiwa kwa kuwapo shaka, na hawakuona haya kuyaacha mengi yapite kwa ajili ya kanuni hiyo.

Kijana wangu aliniuliza iwapo wapelelezi wa leo wangejua damu ile si ya Yusuf. Wangejua, kama wangeuliza maswali yote matatu, na kama mmoja wao angepata kuipima na ile pamba ya pili, iliyofutwa mahali pasipo na doa.

Hukumu za wazazi wa Azaria zilifutwa mwezi Septemba 1988. Ilichukua miaka mingine 24 kabla ya hakimu mchunguza vifo, tarehe 12 Juni 2012, kuandika rasmi kwamba mtoto yule aliuawa na dingo. Azaria alizaliwa tarehe 11 Juni. Siku moja kabla ya uamuzi huo angekuwa ametimiza miaka 32. Wazazi wake, ambao wakati huo walikuwa wamekwisha kuachana, walikwenda kukichukua cheti kipya cha kifo.